Sarafu ya Mpare

Mimi mtu akiibuka majini simwulizi kama yuko salama. Namtania. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya shule yangu ya mbizi pale Ziwa Chala, na mgeni asiyeielewa huniona mama mkorofi asiye na haya. Ukorofi ninaukubali. Lakini mtu ambaye ubongo wake umekosa hewa anaweza kutabasamu, anaweza kutikisa kichwa, anaweza hata kukuonyesha dole gumba huku anaanza kuzama. Kitu kimoja hawezi, nacho ni kurudisha utani. Utani unataka mwenyewe awepo nyumbani.

Jina langu Nankondo Mshana, Mpare wa Usangi, na kazi yangu ni kufundisha watu kushuka kilindini kwa pumzi moja. Proches Kavishe alikuwa mwanafunzi niliyempenda kuliko wote, ingawa ningekatwa ulimi kabla sijamwambia. Yeye ni Mchaga wa Rombo, kwao ni hapo juu tu, ukishapanda ngazi za kutoka ziwani. Kwa hiyo ni mtani wangu halali. Wachaga tunawasema hivi: Mchaga akizimia usimmwagie maji, gonga sarafu karibu na sikio lake. Basi nilikuwa na sarafu moja ya zamani, ya enzi watu walipokuwa bado wakibeba fedha mfukoni, nimeitoboa na kuivaa shingoni. Proches akitoa tu kichwa majini naigonga kwenye bomba la jukwaa, ngi ngi ngi, nampigia kelele kwa cheo cha machifu wao, "Mangi, imedondoka!"

Naye, hata pumzi haijakaa sawa, "Mpare wewe, ipeleke mahakamani kwanza, pamoja na kuku wako!"

Maana na sisi tunasemwa, eti Mpare yuko radhi auze ng'ombe apate nauli ya kufuatilia kesi ya kuku. Tulicheka hivyo kila siku ya mafunzo, tangu vuli mpaka masika. Jibu lake halikubadilika hata neno, nami sikuona ubaya. Mbona nyimbo za kanisani hazibadiliki na watu bado wanaziimba?

Siku ya mtihani wake wa kupata kazi ya mbizi kwenye mitambo ya gesi ya Ziwa Kivu, asubuhi ilikuwa na baridi, maji yametulia, nyani wanagombana juu kwenye majabali. Jicho la Shirika, wenye mitambo hiyo, lilikuwa linaelea hewani juu ya jukwaa, lile dude dogo lenye kioo, na nyuma yake wasimamizi watatu walikuwa wamekaa ofisini kwao mbali wanatutazama. Injinia Zulfa Semboja, aliyetengeneza bandama, alikuja mwenyewe. Alisimama pembeni na kishikwambi chake, amejifunga mtandio mpaka puani kwa baridi.

Bandama ninayosema si ile ya Mungu, ingawa imeiga kazi yake. Kila mtu akizama, bandama yake hujikamua na kumwaga damu ya akiba mwilini. Hii ya Shirika hushonwa chini ya mbavu za kushoto, na akiba yake inazidi ile ya kuzaliwa nayo mara nyingi. Kule Kivu hawawezi kufanya kazi bila hiyo. Gesi imelala chini ya ziwa, mitambo inaivuta iwashe taa, na anayekwenda kufunga na kufungua valvu haruhusiwi kushuka na injini wala mtungi wa hewa, kwa sababu mtikisiko na mapovu huiamsha gesi. Anashuka mtu, na pumzi yake.

Tangu mwaka uliotangulia bandama ilikuwa imeongezewa kazi nyingine. Mtu akipoteza fahamu chini, yenyewe inashika usukani. Inasukuma miguu yake, inamfikisha juu, inamvutisha pumzi. Sisi walimu tuliambiwa kwamba ikishika usukani taa nyekundu itawaka kwenye mkono wa mpiga mbizi, tumwokoe. Taa hiyo sikuwahi kuiona ikiwaka, nikashukuru Mungu.

"Mwalimu," Proches aliniambia akiwa ameshalala chali majini, ameshika boya. "Leo nikifaulu, kesho kutwa nambeba Neema."

Neema ni binti yake. Alizaliwa mwezi wa nane kule Kivu, ndani ya eneo la mitambo, ambako mama yake ni muuguzi. Humo haingii mtu asiye na kazi ya humo. Proches alikuwa anamjua mtoto wake kwa picha tu.

"Utambeba ukishanyamaza," nikamjibu. "Maneno yanakula hewa."

Akafumba macho. Akavuta pumzi ya mwisho kutoka tumboni mpaka kooni, akageuka, mapezi yakapotea chini bila kurusha hata tone.

Kazi yangu ilikuwa kumlaki njiani. Chini si mahali pa hatari sana. Hatari iko kwenye mita za mwisho, mtu anapokaribia juu, hewa ya kifuani inapotanuka na kuinyima damu oksijeni palepale anapoona mwanga. Wengi huzimia wakiwa wamebakiza urefu wa mnazi tu, au wakiwa wameshafika. Nikashuka, nikamkuta mita thelathini anapanda na kamba. Nikamtazama machoni, kama ninavyofanya siku zote, naye siku zote hunikonyeza. Siku hiyo hakunikonyeza. Macho yalikuwa wazi, yametulia, yananitazama au yanatazama maji, sikuweza kujua. Miguu ilikuwa inapiga vizuri mno. Proches mguu wake wa kulia huwa mvivu, nimeugombeza miezi yote hiyo. Leo ulikuwa sawasawa na wa kushoto.

Tukatoka juu pamoja. Akashika boya. Akavuta pumzi, akafunga kifua, akaachia kidogo, akavuta tena, kama nilivyomfundisha. Akavua miwani. Akafanya alama kwa vidole. Akasema, "Niko salama."

Nikagonga sarafu. "Mangi, imedondoka!"

Akanigeukia akitabasamu. "Niko salama."

Uwii! Nywele zilinisimama ndani ya kofia ya mpira. Sheria ya mtihani ilikuwa moja na kila mtu aliijua: mpiga mbizi akiguswa kabla wasimamizi hawajatangaza, ameanguka. Taa mkononi mwake ilikuwa imezimika. Uso wake ulikuwa juu ya maji, midomo haikuwa ya bluu sana. Nikisubiri tu, atafaulu, ataenda kumwona mtoto. Nikakumbuka ule mguu wa kulia.

Nikamkamata. Nikamweka kidevu juu ya kiganja changu, nikampulizia machoni, nikamwita sikioni, "Proches! Vuta! Vuta pumzi, Proches!"

Mwili wote ukalegea mara moja, ukawa mzito. Halafu akashtuka, akakohoa, mkono wake wa kulia ukaanza kupapasa mbele unatafuta kamba. Akaniangalia kwa mshangao.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya kukwaruza, "mbona huku? Tumeshakutana?"

Alikuwa anauliza kuhusu mita thelathini. Alikuwa hayupo tangu huko chini.

*

Kwenye banda la mafunzo tuliangalia picha zilizochukuliwa na Jicho. Tulikuwa watatu, mimi, Injinia Zulfa na Proches aliyejifunika blanketi. Ukiziangalia picha zile utasema mimi ndiye mwenye wazimu. Kijana anaibuka vizuri, anavua miwani vizuri, anasema vizuri, halafu mama mmoja anamrukia.

"Umeona?" Proches akasema. Uso wake ulikuwa umevimba kwa hasira. "Nilikuwa salama. Nimefaulu, wewe umenigusa."

"Uliniuliza kama tumeshakutana."

"Nilikuwa nakutania."

"Huo si utani, Proches."

"Nilikuwepo!" Akapiga meza. "Nakumbuka kila kitu!"

Nikamuuliza nilimwambia nini nilipogonga sarafu. Akasema nilimwambia imedondoka, kama siku zote. Hilo hata mlinzi wa getini angelijibu. Akatoka nje akabamiza mlango, nikamsikia akishuka ngazi kuelekea majini.

Injinia Zulfa alikuwa anasogeza mistari ya vipimo vya Proches kwenye kishikwambi chake, na kadiri alivyosogeza ndivyo alivyopoa. Mwishowe akakiweka mezani akakifunika kwa kiganja.

"Dada Nankondo, umesema kweli. Ubongo wake ulizimika kabla hajakufikia. Bandama ilishika usukani."

"Na taa?"

"Taa inawaka pale mwili unaposhindwa kutoa alama za salama. Haukushindwa."

"Mlimfundisha mdudu wenu kusema uongo?"

"Hapana!" Akanitazama usoni, na machozi yalikuwa yamemlenga. "Tuliipa maelfu ya mbizi za watu ijifunze. Ikaona kwamba mwili ukifika juu, ukavua miwani na kusema maneno yale, kazi imekwisha vizuri. Basi na yenyewe inamaliza kazi. Haijui salama ni kitu gani. Inajua namna salama inavyofanana."

Nilitaka kumkaripia, nikashindwa. Kaka yake alikuwa mpiga mbizi wa Kivu. Alifika juu, akapunga mkono, watu wakampigia makofi, akazama katikati ya makofi yao. Zulfa alikuwa pale. Bandama aliitengeneza kwa sababu ya siku ile.

"Kwa hiyo wale wa Kivu," nikasema polepole, "wanaoshuka kila siku na kusema wako salama..."

"Sijui. Baadhi. Kila ubongo ukizimika kuna kidogo kinachobaki hukohuko." Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Lakini nikiripoti, nawajua wakubwa zangu. Watazima bandama zote, wataogopa kesi. Wapiga mbizi wataambiwa waendelee bila kitu. Mwaka kabla ya bandama tulizika tisa. Mwaka huu hatujazika hata mmoja. Sema wewe, nifanye nini?"

Nakiri niliogopa. Ukisema, watu wanazama. Usiposema, wanapanda juu wakiwa hai na wanapungua kidogo kidogo, na hakuna anayejua, hata wao. Nilimwona mawazoni mwanamke mmoja akimkaribisha mumewe nyumbani jioni, anamwandalia chakula, na mume anamjibu vizuri kila anachoulizwa.

"Naweza kufunga yale maneno," Zulfa akasema. "Nikiyafunga kwenye bandama ya Proches, haitaweza tena kusema 'Niko salama' badala yake. Akisema, ni yeye. Nitaomba arudie mtihani kesho. Ikifanya kazi, nitayafunga kwa wote kimyakimya, na hakuna atakayezimiwa chochote."

Ilionekana njia nzuri. Nikaikubali, nikamfuata Proches.

Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mwisho, miguu majini. Nilikaa kando yake. Nikamweleza yote kuhusu bandama. Jiwe lilidondoka kutoka majabalini, likatumbukia, tukalitazama mpaka miduara ikaisha.

"Mwalimu, kesho usinishike."

"Ukizimia nitakushika."

"Nakuomba." Sauti ilikuwa ya mtu mzima anayejizuia kulia. "Ameanza kutambaa. Mama yake anasema akiona picha yangu kwenye simu anapapasa kioo. Mimi ni kioo, Mwalimu."

Nikavua sarafu shingoni, nikaiweka kiganjani. "Sikiliza, Mangi. Nitaigonga. Ukinirudishia utani, sikugusi, hata Shirika zima liniambie nikuguse. Nakuapia."

"Umeapa?"

"Mpare akiapa ameandika."

Akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, nami moyo ukatulia. Ndivyo nilivyokuwa mjinga.

*

Kesho yake upepo ulikuwa unachezea maji kidogo. Jicho la Shirika lilishuka karibu kuliko jana, na sauti ya msimamizi mkuu, mzee mmoja mwenye kikohozi, ikatoka ndani yake ikinionya kwamba nikimgusa tena mtahiniwa bila sababu, shule yangu itafungwa. Nikamwambia, "Shikamoo na wewe."

Proches akashuka. Nilimhesabia kwa mapigo ya moyo wangu, na moyo wangu siku hiyo ulikuwa mwalimu mbaya wa hesabu. Nikashuka kumlaki. Maji yalikuwa yamevurugika kidogo, nikamwona akija kama kivuli, halafu kama mtu. Nikamtazama machoni. Akanikonyeza. Ee Mungu, alinikonyeza! Nikamwangalia miguu, na mguu wa kulia ulikuwa mvivu kama kawaida yake. Nilikaribia kupiga kelele za furaha chini ya maji.

Tulipanda sambamba. Mita za mwisho nilikuwa naangalia mwanga, nikaacha kumwangalia yeye, labda kwa pigo moja la moyo. Tukatoka.

Akashika boya. Akavuta pumzi, akafunga, akaachia, akavuta. Akavua miwani. Akafanya alama. Kinywa kikafunguka, kikakaa wazi bila sauti, nami nikajua maneno yale yamefungwa. Nikagonga sarafu haraka, ngi ngi ngi.

"Mangi, imedondoka!"

"Mpare wewe," akasema, na akatabasamu, "ipeleke mahakamani kwanza, pamoja na kuku wako!"

Zulfa alipiga ukelele wa furaha pale jukwaani. Nilisikia hata yule mzee wa kikohozi akicheka ndani ya Jicho. Alikuwa amejibu. Nami nilikuwa nimeapa.

Mikono yangu ilikuwa imeshaanza kushuka. Sijui ni nini kilichonizuia. Labda ni vile alivyocheka, kicheko kilichokatika palepale kilipokatika siku zote. Labda ni uchoyo tu wa Mpare, kutaka jibu moja zaidi. Sikugonga sarafu. Nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kumtania nalo.

"Mangi, Neema amekataa kukuita baba. Amesema anamtaka Mpare."

Hakuna baba Mchaga duniani ambaye angeliacha hilo lipite. Kama yupo, amekufa.

Akanigeukia. Akatabasamu. "Mpare wewe, ipeleke mahakamani kwanza, pamoja na kuku wako!"

Kicheko kilekile. Kikakatika palepale.

Miezi yote ile, kila siku, jibu moja. Tulikuwa tumekaa majini tunaifundisha bandama, mimi na yeye, kwa vinywa vyetu. Zulfa aliyafunga maneno mawili, nayo ikatafuta mengine yanayowafanya watu waliokaa juu wacheke na waache kuogopa. Tulikuwa nayo tayari. Tulikuwa tumeyarudia kama sala.

"Mwalimu!" Jicho likapaza sauti. "Mtahiniwa amejibu! Usiguse!"

Nikamkumbatia kwa mikono yote miwili.

Akalegea. Safari hii hakushtuka upesi. Nilimpulizia macho, nikamwita, nikamwita kwa jina lake, kwa jina la baba yake, nikamwita baba Neema. Nikampulizia pumzi yangu kinywani mara moja, mara mbili. Zulfa alikuwa ameshajitupa majini na nguo zake zote, mtandio unaelea, ameshika kichwa cha Proches upande wa pili analia, "Kaka, rudi, kaka, rudi." Sidhani alijua anamwita nani.

Akarudi. Kwanza kifua, halafu kope, halafu kikohozi kikubwa kilichonirushia maji usoni. Tukamvuta jukwaani.

Msimamizi mkuu hakuwa anacheka tena. "Hapa tuna picha," akasema. "Tumeona kijana akiongea na kutania. Mwalimu Mshana amevuruga mtihani mara ya pili. Lakini kwenye mtihani wa marudio sheria inampa mtahiniwa neno la mwisho. Proches Kavishe, ulikuwa na fahamu ulipoibuka? Ukisema ndiyo, umefaulu, na tutaandika kwamba uliguswa kwa makosa."

Hapo hapakuwa na ushahidi mwingine. Mistari ya kishikwambi ilikuwa ya Zulfa, na wangeitupa na yeye wamfukuze. Neno langu walikuwa wameshalitupa. Proches peke yake alikuwa na neno ambalo wangelisikiliza, na neno hilo lilikuwa na mtoto upande wa pili. Niligeuza uso ili asione ninamwomba nini.

Alijivutia blanketi mabegani. Alinitazama, akamtazama Zulfa aliyelowa chapa, akajitazama mkono wa kulia ambao ulikuwa bado unafumba na kufumbua hewani.

"Nilisema nini?" akaniuliza.

"Kuku na mahakama."

"Mara moja?"

"Mara mbili. Ya pili nilikutania na Neema."

Machozi yakamtoka, hakuyafuta. Akainua uso kulitazama Jicho.

"Nilikuwa sipo," akasema. "Hata jana nilikuwa sipo. Jana nilidanganya. Waambieni wote kule, kila mtu anayeibuka akisema yuko salama, huenda hayupo. Msiwazimie bandama. Washikeni. Futeni ile sheria, kila anayetoka majini ashikwe mkono na mtu mpaka ajibu jambo jipya." Akameza mate. "Mimi nimeanguka mtihani. Andikeni."

Ndani ya Jicho tulisikia kikohozi, kisha sauti za watu wakibishana mbali, kisha mtu mmoja, sauti ya mwanamke, akiuliza upesi ni nani waliokuwa chini Kivu saa hiyo. Zulfa alipiga magoti mbele ya kioo kile na kuanza kuwasomea mistari yake, mstari kwa mstari, meno yanagongana.

Nilibaki na Proches. Nilimsugua mgongo kama mtoto. Nilitaka kumwambia kwamba mke wake anaweza kutoka na mtoto kuja Rombo, kwamba eneo lile linakataza watu kuingia, halikatazi kutoka, kwamba mimi mwenyewe nitaandaa gari. Nilitaka kumwambia mengi. Lakini kulikuwa na swali moja, nalo ni kiasi gani chake kilibaki kule chini. Nikawa naogopa kuliuliza, na mkono wangu kwa mazoea ukaishika sarafu ukaigonga kwenye bomba. Ngi ngi ngi.

Proches alikuwa anatazama maji. Nikagonga tena. Midomo yake ikasogea, nami nikaziba pumzi, nikiomba kwa Mungu wa milima yote miwili, wa kwao na wa kwetu, asiseme kuku, asiseme mahakama.

"Acha kelele, mama," Proches akasema. "Kichwa kinaniuma."

Tangu Wapare na Wachaga waanze kutaniana sidhani kama limewahi kutoka jibu baya kuliko hilo. Nilimshika kichwa chake kinachouma, nikalia kwa sauti mpaka nyani wakanyamaza.